Mwongozo wa Kuzuia Gunia Lisijiite Mkulima

Tuseme AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, huko Litembo, Mbinga, imekuomba uiandikie programu ya mizani kwa lugha ya C. Kwenye kumbukumbu una miundo miwili: Gunia, unaoanza na uzito, na Mkulima, unaoanza na malipo. Maktaba uliyoazima inataka kila kitu kipitie mlango mmoja uitwao void *, yaani pointa inayojua kitu kiko wapi lakini haijui ni kitu gani.

Sasa ipeleke pointa ya gunia mahali anapongojwa mkulima. Kompaila haitakohoa. Uzito wa kilo 60 umehifadhiwa kama namba ya desimali ya baiti 8. Baiti hizohizo zikisomwa kama namba nzima, mkulima anaidai AMCOS shilingi 4,633,641,066,610,819,072. Hapo una bahati, maana hata mlinzi wa ghala ataona kuna kasoro. Lakini kama malipo uliyatengea baiti 4 tu, kompyuta nyingi za leo zitasoma nusu ya chini ya namba hiyo, nayo ni sifuri tupu. Sifuri haimshtui mtu. Mama wa watu kateremka na kahawa yake kutoka mlimani, anaambiwa hana anachodai, na risiti imechapwa vizuri kabisa. Mimi naiogopa sifuri hiyo kuliko ile namba ndefu.

Kwa hiyo, kwanza: usipite mlango huo kama hulazimiki. Void * iliingia rasmi katika C kwa kiwango cha ANSI cha mwaka 1989. Kabla ya hapo watu walitumia char * kwa kazi hiyohiyo. Ina mahali pake. Fanksheni ya qsort haiwezi kujua mapema kama unapanga wakulima au ndoo za usipa wa Mbamba Bay. Ila kama vitu vyako ni viwili vitatu na vyote unavijua, na una uhuru wa kuchagua lugha, viweke kwenye enum ya lugha ya Rust, uvichambue kwa match, na ukisahau kimoja kompaila itakugomea papo hapo.

Ukilazimika, kila muundo uanze na alama ya aina yake. Usitumie 1 na 2, kwa sababu namba hizo zimezagaa kila mahali kwenye kumbukumbu. Chagua kitu kama 0x4B414857, ambacho ndani yake mna herufi K, A, H na W. Sifuri usiipe aina yoyote: kumbukumbu iliyosafishwa imejaa sifuri, nayo itajifanya kitu.

Kisha andika fanksheni moja, na moja tu, ya kugeuza void * kuwa Gunia, na nyingine moja ya Mkulima. Kila moja ihakikishe kwanza kwamba pointa si NULL, kisha isome alama. Isipolingana, irudishe NULL. Ukikuta mtu amegeuza aina mahali pengine popote, mrudishie kazi yake. Atakujibu, “Kaka, mimi najua kilichomo humo, nimekiandika mwenyewe.” Mwulize atakuwa wapi msimu ujao wa kahawa, na nani atakuwa ameupanga upya muundo ule. Anachokijua kimo kichwani mwake, na kompyuta haisomi vichwa. Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, ilimaliza ubishi huu vizuri: downcast_ref ya Any hurudisha Option, kwa hiyo huligusi gunia kabla ya kujibu utafanya nini kama si gunia. C++17 nayo, ukiipa any_cast pointa na aina isilingane, hukupa nullptr.

Nyuma ya kosa hilo la kuchanganya aina kuna jingine. Kwa kawaida uzito wa baiti 8 hukaa kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Ukiuchota katikati ya baiti zilizotoka kwenye waya wa mizani, prosesa moja itavumilia, nyingine itaiangusha programu, na C haikukuahidi lolote. Nakili kwa memcpy. Lugha ya Zig imelisimamia jambo hili kwa ukali ninaoupenda: @ptrCast hukataa kuongeza masharti ya anwani mpaka uandike @alignCast, na katika matoleo yenye ulinzi ahadi hiyo hukaguliwa programu ikiwa inakwenda.

Alama haikukingi na gunia lililokwisha kuachiliwa kwa free. Amua mapema nani mwenye kumbukumbu ile, kisha ukusanye programu kwa chaguo la kompaila -fsanitize=address,undefined wakati wa majaribio.

Na majaribio yenyewe uyafanye kwa uchokozi. Ipe fanksheni ya mkulima gunia. Ipe kumbukumbu iliyojaa sifuri. Ipe pointa ambayo ni NULL. Ikizikataa zote tatu, peleka mizani Litembo.