Hitima ya Hita

(Jikoni, Kisauni, Mombasa. Usiku wa manane, wenyewe wamelala. Hita ya bafuni imeungua mchana; fundi ameilaza sakafuni tumbo wazi, na tumboni mmejaa mawe meupe. Vyombo vimekaa matanga.)

PASI: Poleni, jamaa. Hita katutoka, na mwaka wa pili hajaumaliza.

BIRIKA LA UMEME: Hakututoka. Kauawa! Nimemsikia fundi kwa masikio yangu: "Hii ilikuwa feki, mama, safari hii nunua ya bei." Mimi napendekeza tuunde tume ya uchunguzi, mwenyekiti niwe mimi.

MASHINE YA KUFUA: Ina posho?

BIRIKA: Tume isiyo na posho ni kamati ya harusi, unatoa wewe. Posho ipo. Mtuhumiwa wa kwanza ni Mfereji. Ndiye aliyemlisha marehemu hadi siku ya mwisho.

MFEREJI: Yakhe, mimi ni mdomo tu. Yakija maji ya Mzima nawapa ya Mzima, yametoka Tsavo Magharibi, yamesafiri kwenye bomba zaidi ya kilomita 200. Lakini Mzima ni kama mjomba aliye Uarabuni, kila siku tunaambiwa yuko njiani. Asipofika, mama huwasha pampu yakapanda ya kisimani. Muulizeni Kisima.

KISIMA (kwa sauti nzito kutoka uani): Nimesikia, msinitaje kama mwizi. Mvua hunyesha, ikapenya udongoni, ikachukua humo gesi ile ile inayotia povu soda. Ikifika chini imeshakuwa na ukali kidogo. Na mimi nimechimbwa kwenye matumbawe ya kale, kama visima vingi vya mtaa huu. Maji hulilamba jiwe, jiwe likayeyuka, mkaletewa. Kosa langu liko wapi? Hata Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za afya. Wenye nyumba wananinywa na ni wazima!

(Kuhusu vyoo vya majirani, Kisima hakuulizwa, naye hakujitolea.)

PASI: Basi tunakufa kwa nini sisi?

BI MTUNGI (wa udongo, mzee kuliko wote, ubavuni ana ukungu mweupe kama mvi): Kwa sababu mnapenda moto, wajukuu zangu. Maji yakichemka, ile gesi hutoroka. Jiwe lililokuwa limeyeyuka hukosa wa kulibeba, likaganda papo hapo penye joto. Hita alikuwa na elementi. Elementi ikavaa joho la chokaa, safu juu ya safu, na chokaa haipitishi joto upesi. Moto ukakosa njia ya kufika majini, ukamgeukia mwenyewe. Mwaka mzima tokeni za umeme zikiisha kabla ya siku zake, mama akimgombeza mtoto kwa ajili ya televisheni.

BIRIKA: Ushahidi wa kusikia huo. Bibi hajawahi kuingia bafuni.

BI MTUNGI: Mimi mwenyewe nina hii mvi, mwanangu. Maji hujipenyeza ubavuni mwangu, yakakauka kwa upepo, yakaacha yalichokibeba. Ila mimi nimekaa baridi, ndiyo maana niko hapa kukusimulia.

UKUTA: Mwenyekiti, tufungulie mfuniko wako.

BIRIKA: Wa nini?

UKUTA: Tukuone tumbo.

BIRIKA: Hiki ni kitambi tu. Mtu akipata cheo hunenepa.

UKUTA: Hebu tukipigie hesabu. Maji yakipita miligramu 180 za chokaa kwa lita, wataalamu huyaita magumu sana. Tuseme haya yetu yana 200. Wewe huchukua lita 1.7, na huchemshwa mara tatu kwa siku, bila wageni. Ni gramu moja hivi ya jiwe kila kukicha. Yote ingekugandia, mwaka ukiisha ungekuwa umepakata zaidi ya theluthi ya kilo.

BIRIKA: Ukuta ana chuki na maendeleo.

UKUTA: Mimi? Mimi ni jamaa yako wa damu! Nimejengwa kwa matumbawe hayo hayo. Pale Bamburi wamekuwa wakiyachimba tangu miaka ya 1950 kutengeneza saruji, na machimbo yao ya zamani leo ni Haller Park, watu hulipa kiingilio kwenda kulisha twiga.

BIRIKA: Kumbe! Basi nami nikichimbwa nitaletewa twiga?

PASI: Twiga wako ni huyo fundi, atakuja kukuangalia kwa juu. Mimi mwenzenu juzi nimeaibika. Mama ananyoosha buibui jeusi la kuendea harusini, nikapiga chafya ya mvuke, nikalitapakaza unga mweupe kifua kizima.

MASHINE YA KUFUA: Na mimi nasingiziwa sabuni! Naongezewa kikombe, naongezewa cha pili, povu halipandi. Sabuni ya mche ndiyo kabisa, ikikutana na chokaa hugeuka utando wa kijivu kabla haijaiona nguo. Taulo zikikauka zinasimama zenyewe kama askari.

SUFURIA: Ninyi mna umeme wa kuwaua. Mimi nateswa na mbaazi. Zimechemka tangu alasiri, mkaa umekwisha, mbaazi ziko pale pale kama kokoto. Chokaa huzifunga maganda. Mpaka jirani akaleta kipande cha magadi, kile kijiwe kutoka Ziwa Magadi, Kajiado. Akatia kidogo, zikalainika. Magadi yanaishika chokaa na kuiangusha chini.

BIRIKA: Asante, Sufuria, lakini tume haishughulikii mboga. Tumwite mtaalamu wetu.

SUMAKU (imefungwa kwenye bomba kwa waya, bado ina lebo yake ya dhahabu): Salaam. Mimi nilinunuliwa kwa bei ya mbuzi wawili. Kazi yangu ni kuyabadilisha maji tabia. Siondoi chokaa, naipa nasaha.

UKUTA: Na Hita, uliyekuwa ukimlinda?

SUMAKU: Marehemu hakuwa na imani.

MASHINE YA KUFUA: Mimi nimesikia kuna mtambo mwingine, una punje zinazokamata chokaa na kuachia sodiamu badala yake. Ila kila baada ya muda lazima uoshwe kwa maji ya chumvi.

MFEREJI: Pwani hii? Tununue chumvi ya kutibu maji?

NDIMU (kutoka kapuni): Naomba nafasi kidogo, mwenyekiti.

BIRIKA: Nani amemwalika?

NDIMU: Nikamueni tatu ndani ya birika lenye maji, lichemshwe, liachwe saa moja, kisha limwagwe na kusuuzwa. Ukali wangu hula chokaa, utaona vipovu vinapanda. Siki pia inaweza. Mkinifanyia hivyo kila mwezi, hamtamwita fundi kwa sababu ya mawe.

(Kimya. Wajumbe wanatazamana.)

SUMAKU: Ana cheti?

BIRIKA: Swali zuri. Ndimu, una cheti? Huna. Una mgongano wa maslahi? Unao, maana unauzwa sokoni. Na hilo jambo la kunifungua mimi tumbo linadhalilisha ofisi ya mwenyekiti. Ushahidi wako umepokelewa, utawekwa kwenye kabati.

PASI: Kabati gani?

BIRIKA: Lile lisilo na ufunguo.

(Alfajiri. Mama anaingia, anachukua ndimu zote, anazikamulia samaki. Fundi anafika na sanduku jipya. Anaifungua Hita mpya, ang'avu, na kuiweka mezani wakati akinywa chai iliyoelea vipande vyeupe.)

HITA MPYA: Hamjambo nyote? Msiwe na wasiwasi, mimi ni ya bei. Nina dhamana ya miaka miwili.

UKUTA: Umeisoma mpaka chini, mwanangu? Kwenye yale maandishi madogo? Wameandika kwamba haihusu chokaa.

HITA MPYA: Chokaa ndiyo nini?

BIRIKA: Waheshimiwa, mimi najiuzulu. Mwenyekiti mpya huyu hapa.