Mtani, Kifusi na Ukuta wa Jiko

Mvua ikinyesha Ifakara, maji hayana pa kukimbilia. Milima ya Udzungwa imesimama pale juu yetu, kilele chake cha Luhombero kikifika mita 2,576, na sisi huku chini hata mita 300 kutoka usawa wa bahari hatufiki. Mto Lumemo unateremka kutoka milimani na kupita ubavuni mwa mji, Kilombero unatusubiri upande wa pili, na hapo katikati, kwenye tambarare ya mpunga, ndipo tulipojenga. Kwingine majirani hugombea maji. Sisi tunasukumiana.

Yaliyonipata mimi yalianzia nyuma ya jiko. Masika ilipochanganya, plasta ya ukuta ule ilivimba, ikabadilika rangi, na asubuhi moja nilipoibonyeza, kidole gumba kilizama kama kwenye kitumbua kisichoiva. Nikachokonoa kidogo. Kipande kizima kikadondokea ndani ya karai la vyombo, na nyuma yake nikaliona tofali: jekundu nje, udongo mtupu ndani, linamomonyoka lenyewe.

Anayejua matofali ya huku atanielewa. Tunachoma kwa pumba za mpunga, maana mashineni zimejaa na kuni zimekuwa ghali. Pumba hazitoi mwali, zinaungua polepole usiku na mchana, na tofali za katikati ya tanuru huiva zikalia ukizigonganisha. Za pembeni hubaki nusu mbichi na huuzwa bei ya kutupa. Jiko letu mume wangu alilijenga kwa za pembeni. Ukuta ungekaa mkavu, ungetuzika sote. Lakini haukukaa mkavu, na sababu ilikuwa ng'ambo ya uchochoro.

Jirani yetu wa upande ule ni mstaafu wa TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapita bondeni kwetu, na kila masika watu wa njia walikuwa wakihangaika ili maji yasituame kwenye tuta. Yeye alikuwa mmoja wao. Mtu aliyemalizia ujana wake akizibua mitaro ya reli kutoka Mang'ula hadi Mlimba, nyumbani kwake hakuwa na hata kipande cha gata. Bati lake la nyuma lilielekea kwetu, na mvua ikianza, maji yote ya paa yalishuka uchochoroni, hatua mbili kutoka ukuta wangu.

Juu ya hayo akaongeza kifusi. Baada ya mvua za El Niño za 2024 mtaa mzima uliingiwa na wazimu wa kifusi. Kila mwenye fedha kidogo alitafuta tipa, akainua uwanja wake, na akiinua wake anakuwa amekuteremsha wewe bila kukugusa. Uwanja wa mzee ulipanda shibiri nzima. Tangu hapo hata maji yaliyokuwa yakibaki kwake kwa haki yalihamia kwangu.

Nilimwendea jioni, baada ya chakula, saa ambayo mtu mzima huwa na subira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba shemeji. Leo umekuja kukopa chumvi au dagaa?"

"Nimekuja kulalamika. Maji ya bati lako yanaliangusha jiko langu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Maji yametoka mbinguni, shemeji. Huko ndiko upeleke malalamiko. Tena ulizia vizuri nyumbani kwako, tatizo si maji yangu, tatizo ni tofali za pembeni. Na huyo mumeo, kwao wanalala na kambale, ameanza lini kuogopa maji?"

Hapo ndipo penye shida yangu kubwa. Mzee ni mtani wa mume wangu. Mtani anaweza kuja msibani akalala ndani ya jeneza tupu akidai alipwe ndipo atoke, na wafiwa watacheka na kutoa hela. Mtani ukimtukana anafurahi. Ukimnunia, wewe ndiye mjinga. Kila nilipomsukuma mume wangu akaseme kwa ukali, alirudi ameshiba ugali wa kule na hana jibu. "Nitaanzaje kumshitaki mtani wangu?" aliniuliza. "Watu watanionaje?" Nikamwambia watamwona mtu asiye na jiko.

Maji ya uchochoroni yakatuama, yakaota ukijani, na viluwiluwi vikaanza kucheza ndani yake. Ifakara huwezi kukaa na maji yaliyotuama bila kumpata mtaalamu. Mbu wa mji huu wamechunguzwa tangu miaka ya 1950, na karibu kila mtaa una kijana aliyewahi kuwakusanya kwa ajili ya watafiti. Wa kwetu nilimwita aje atoe ushahidi. Alichuchumaa, akachota kidogo kwa kibakuli cheupe, akatuonyesha. Wa malaria, alisema, hulala sambamba na uso wa maji. Hawa walikuwa wamening'inia kichwa chini, mkia juu.

"Hawa ni kyuleksi," akasema. "Wanapenda maji machafu. Malaria hawaleti."

Mzee alipiga kofi la furaha. "Umesikia, shemeji? Maji yangu hayana malaria!"

"Wanaleta matende na mabusha," kijana akamalizia.

Mzee akanyamaza. Akavuta kiti, akakaa, akakunja mguu juu ya mguu. Kesho yake nilimwona akimwaga mafuta machafu ya pikipiki kwenye lile dimbwi. Gata bado hakuweka.

Nikaona niache kuomba. Tulipanga viroba vya mchanga nyuma ya jiko, tukashindilia udongo, tukapandisha tuta mpaka usawa wa dirisha. Wapo walioniambia nilifanya chuki. Sijutii, ukuta ulikuwa wangu. Mvua iliyofuata maji yalifika pale, yakagonga tuta letu, yakageuka yakagonga kifusi cha mzee, yakaona njia moja tu iliyobaki, ya kuelekea kwa bibi wa nyuma.

Bibi huyo ni mjane, anakaanga vitumbua alfajiri na sauti yake haipandi kamwe. Uani kwake kuna choo cha shimo na kisima. Wataalamu wa afya wanashauri kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni, ushauri mzuri kabisa, isipokuwa viwanja vya kata yetu ya Viwanja Sitini havikupimwa na mtu mwenye mita 30 za kugawa. Maji ya ardhini nayo masika huwa juu sana, shimo haliendi mbali kabla halijayakuta. Kwa hiyo maji yetu yalipoingia uani kwake yakakizunguka choo, mchanga wa pembeni ukaanza kubomokea ndani, na vitu ambavyo sitavitaja vikaanza kupanda kuelekea kisimani.

Hakuja kugomba. Alifunga khanga yake, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, akatushitaki wote wawili.

Ndivyo nilivyojikuta benchi moja na mzee, washitakiwa. Mwenyekiti alituachia tuzungumze, mzee akaanza na mbingu, mimi nikaanza na gata, mume wangu akaanza kucheka. Bibi alisema sentensi moja tu: "Wanangu, mimi nitachota wapi?"

Mwenyekiti akatueleza safari iliyo mbele yetu. Tukishindwa pale ni Baraza la Kata. Lakini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na limepewa siku 30. Likishindwa, ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kule ni makaratasi na nauli za mashahidi. "Mpaka mfike huko," akasema, "jiko la mama limeshalala, na choo cha bibi kimeshazama. Leteni fundi apime kwanza. Mnagombana hata hamjui maji yanataka kwenda wapi."

Fundi alikuja na mpira wa maji tu, ule mwembamba unaopitisha mwanga. Aliujaza kwa kuunyonya kutoka kwenye ndoo, akaupigapiga kwa vidole mpaka mapovu yote yakatoka, maana povu moja tu linadanganya. Ncha moja akamkabidhi mzee, aishike kwenye kona ya nyumba yake, nyingine akaishika mwenyewe kwenye ukuta wangu. Kila mmoja kidole gumba juu ya tundu. "Achia." Maji yakapanda huku, yakashuka kule, yakayumba, yakatulia. Fundi akachora mstari kwa penseli. Uwanja wa mzee ulikuwa juu kuliko wangu kwa shibiri na vidole viwili, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika mpira, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu.

Sasa hapo mstaafu wa reli akaamka. Nadhani ilikuwa ile penseli. Akamnyang'anya fundi ncha ya mpira, akataka vijiti, akaanza kupima kutoka kona ya nyumba kwenda barabarani, kijiti hadi kijiti, akiinama na kufumba jicho moja, akitukaripia tuliosimama vibaya. Alikwenda mpaka kwenye kalavati la barabara ya mtaa, akapiga kelele kutoka kule: vidole vinne! Kutoka viwanjani kwetu mpaka pale kulikuwa na mteremko wa vidole vinne, na kwa mtu wa reli huo ni mteremko tosha. Maji yangekwenda yenyewe siku zote. Ila kalavati lilikuwa limezibwa kwa pumba, chupa za plastiki, na godoro ambalo hakuna nyumba iliyokubali kuwa nalo.

Jumamosi tulichimba, nyumba zote tatu. Mzee alisimamia, maana alisema kiuno chake kilishachukuliwa na TAZARA. Godoro lilitolewa na vijana wanne. Mwenyekiti aliamua mzee aweke gata kwa gharama yake, sisi tubomoe tuta, na bomba la gata lielekezwe kwenye pipa la bibi, aloweke mchele wa vitumbua bila kutegemea kisima mpaka kitakaposafishwa. Ukuta wa jiko tuliubomoa na kuujenga upya kwa tofali za katikati ya tanuru. Hizo nilikwenda kuzigonganisha mwenyewe, moja moja.

Uchochoro sasa umekauka, na hapo ndipo mzee alipogundua hasara yake. Kumbe upande wake alikuwa amepanda magimbi, yakanawiri kwa maji yale yale ya ugomvi, majani mapana kupita sinia. Yote yamelala. Alikuja mlangoni na jani moja lililosinyaa mkononi, akamtaka mume wangu, kama mtani, amlipe fidia ya debe moja la mpunga kwa kumwibia maji yake.

Mume wangu alimpelekea debe la pumba. Mzee akalipokea, akaliangalia, akasema halijajaa.