Chapati Isiyo na Ngano Mbele ya Wifi

Aibu ya chapati ya unga wa muhogo huanza pale mwiko unapoingizwa chini yake ili igeuzwe. Nusu hupanda na mwiko, nusu hubaki kikaangoni, na nusu ya tatu, ambayo kwa hesabu haipaswi kuwepo, huanguka miguuni pa wifi aliyekuja kusaidia, yaani kuangalia. Hapo hakuna maelezo yanayosikilizwa. Mpishi ataeleza kwamba mgonjwa amekatazwa ngano na daktari. Atajibiwa “Pole wifi yangu” kwa sauti ile ambayo Tanga nzima inaijua, na kabla ya magharibi mtaa wa Ngamiani utakuwa na habari kwamba kwa fulani chapati zimewashinda. Mimi namtetea mpishi. Kilichomponza ni ushauri aliopewa, kwamba unga mmoja ukikatazwa utafutwe mwingine ukae kwenye kikaango kile kile na kuitwa jina lile lile. Ngano ilikuwa na kazi kadhaa jikoni, na kila kazi inapaswa kutafutiwa anayeiweza.

Kazi iliyo ngumu kurithiwa ni ya kushika. Unga wa ngano una protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikipata maji na kukandwa huungana zikawa gluteni, wavu unaonyumbulika. Wavu huo ndio unaomruhusu mpishi kusukuma, kupaka mafuta, kusokota na kusukuma tena bila chapati kuchanika. Ndiyo maana donge huachwa lipumzike: wavu uliovutwa unahitaji kulegea, la sivyo chapati hujirudisha udogoni kila inaposukumwa. Muhogo mkavu hauna wavu wowote. Karibu wote ni wanga, na wanga katika maji baridi ni mvivu wa kupindukia: chembe zake hulowa, zikatulia, bila kushikamana na chochote. Huanza kunywa maji kwa dhati na kuvimba joto likipita nyuzi 60 hivi. Anayekanda unga wa muhogo kwa maji ya mtungini akingoja ulainike, anangoja kitu ambacho hakimo. Maji na yachemke, yamiminwe juu ya sehemu ya unga, ukorogwe mpaka uvutike, kisha unga mkavu uongezwe kidogo kidogo. Wanga ulioiva ndio utakaoushika ule mbichi. Waislamu wa Malabar, ng'ambo ya bahari hii hii ya majahazi, hufanya hivyo kwa unga wa mchele wakapata pathiri, mkate mwembamba usio na chembe ya ngano. Wala pathiri haijidai kuwa chapati. Haina tabaka, ikipoa hukakamaa, na wenyewe wanaipenda hivyo.

Tena wanga wenyewe haulingani. Ndani yake mna amilosi, iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi. Katika mahindi ya kawaida amilosi ni kama robo ya wanga wote; katika muhogo ni takriban asilimia 17. Amilosi ndiyo inayojipanga upya sufuria ikipoa na kuufanya ugali ukatike vipande. Amilopektini hubaki ikivutana. Hivyo sima ya mahindi hukatwa na bada, yaani ugali wa muhogo, huvutwa, na aliyelelewa kwa sima akiwekewa bada huidhani haijaiva. Imeiva.

Sasa zipangwe kazi zilizobaki. Kusomba mchuzi, bada inaiweza kuliko chapati, hasa mchuzi ukiwa wa papa. Kuumuka kunatisha zaidi, kwa kuwa bila wavu hewa ya hamira hutoroka. Lakini kitumbua kilishalimaliza suala hilo. Mchele uliolowekwa na kusagwa kwa tui huwa rojo zito linalochelewesha mapovu, na vishimo vya chuma hulishikia umbo mpaka wanga uive na kuganda. Kilichokuwa kazi ya gluteni kimefanywa na chuma. Mkate wa kumimina ni hesabu hiyo hiyo kwa ukubwa wa sufuria, moto chini na moto juu. Mbaazi za nazi zilizozoea mahamri hazijawahi kulalamika kuwekwa na muhogo wa kuchemsha. Tambi ziwe za mchele. Sambusa zisamehewe. Urojo wa Unguja mara nyingi hupewa uzito kwa unga wa ngano; uulizwe kabla ya kijiko.

Watasema mgeni hawekewi muhogo. Hapa ucheshi unaniisha. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani juu ya Muheza, H. H. Storey na wenzake walianza miaka ya 1930 kuuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, Manihot glaziovii, ili ustahimili ugonjwa wa batobato. Vizazi vya kazi ile vilifika hadi Ibadan, Nigeria, ambako miaka ya 1970 vilitumika kuzalisha mbegu zilizoenea Afrika. Bara zima limefaidi kazi ya Usambara, na chini yake mjini tunafunika sahani mgeni akipiga hodi, tukimtolea ngano ambayo sehemu yake kubwa huja nchini kwa meli. Wanaotaja sumu wana haki, kwa muhogo mchungu: huko Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, muhogo usioandaliwa vya kutosha wakati wa ukame uliwalemaza miguu watu zaidi ya elfu moja. Basi umenywe, ulowekwe, ukaushwe makopa kwa siku zake, kama bibi zetu walivyofanya bila haraka.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye sukari, anayeambiwa na jirani aache sembe ale bada. Huyo anadanganywa. Bada ni wanga karibu mtupu, na protini yake ni pungufu kuliko ya mahindi. Kwake la maana ni ukubwa wa tonge. Kosa lile lile la kugeuza mbadala kuwa dawa liliwahi kufanywa na mabingwa. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba anawatibu watoto wenye ugonjwa wa seliaki kwa ndizi, na ndizi zikasifiwa kama dawa. Ilichukua miaka mpaka Willem Dicke wa Uholanzi, katika tasnifu yake ya 1950, aonyeshe kwamba mkosaji alikuwa ngano. Ndizi zilikuwa zimekalia tu nafasi ya mkate. Bado somo hilo hatujalisikia. Mgonjwa aliyekatazwa ngano akikonda, ndugu wenye huruma humletea unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele na, mara nyingi, ngano nzima. Anakunywa uji huo asubuhi na jioni, apate nguvu za kuendelea kuacha ngano.