Nalipia Kuchelewa

Vijana wa mtaani kwetu hupeleka magari gereji yaongezwe mbio. Mimi hela zangu zinaishia kwenye kupunguza mbio.

Nina kichwa cha treni cha mfano, cha mtumba: injini ya mvuke ya Uingereza iliyopunguzwa mara 76. Ndani mna mota ya volti 12 inayozungusha skrubu nene, na skrubu inasukuma gia ya meno 30 kwenye ekseli. Mota ikizunguka mara 30, gurudumu linazunguka mara moja. Unadhani ni polepole? Mota ile inafika mizunguko 10,000 kwa dakika. Piga hesabu kwa magurudumu ya milimita 24, kisha ukuze mara 76: injini ya kupangia mabehewa stesheni inakatiza sebuleni kwa zaidi ya kilomita 110 kwa saa!

Fundi saa wa Kariakoo akaniambia, “Mzee, tutie gia ya meno 40, na mota ya taratibu yenye gurudumu zito la shaba, ili isishtuke ikipita kwenye reli chafu.” Nikatoa hela.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kubadili gia lazima magurudumu yatoke, na yakirudi, pini za magurudumu ya kushoto na ya kulia zipishane nyuzi 90 barabara, kama kwenye treni halisi. Zikikosea kidogo tu, vyuma vinavyounganisha magurudumu vinakabana na kichwa kinachechemea. Changu kilichechemea. Katika kunyoosha, skrubu nyembamba kama kope ikaruka. Nikapitisha sumaku ya spika mbovu chini ya makochi: ikazoa pini za nywele, misumari na sindano ambayo mke wangu alikuwa akinidai tangu Idi. Skrubu ikaja mwisho, imenasa kwenye nyuzi za mkeka.

Hatimaye kikatembea. Kilijikongoja kwa madaha, kila chuma kikipanda na kushuka ukikiona. Nikamwita mpwa wangu ashuhudie.

Akakitazama, akakionea huruma, akakisukuma.

Sasa, ile skrubu nene ya mota huzungusha gia, lakini gia haizungushi skrubu. Ukilazimisha, kitu kinakatika. Tukasikia “ka!” Jino la plastiki likadondoka relini.

“Mjomba,” akasema, “sasa ndiyo kiko polepole kweli.”