Swichi ya Slough

Ofisi za wakubwa zilikuwa na mtumishi asiyelala. Aliitwa BlackBerry Enterprise Server, programu ya Research In Motion ya Kanada. Alikaa chumba cha nyuma, akachota barua pepe kwenye Microsoft Exchange au Lotus Domino, akazifunga kwa msimbo, kisha akazisukuma hadi simu ya BlackBerry kiunoni mwa meneja popote alipokuwa. Kitaa chekundu kikimetameta pembeni mwa simu, hata aliyekuwa harusini aliinamia mfuko.

Msimbo ulikuwa mkali kweli. Mwaka 2010 Falme za Kiarabu zilitishia kufunga huduma za BlackBerry kwa kuwa haziwezi kuchungulia yanayopita humo. Ila kufuli zote hizo zilitegemea njia moja: kila ujumbe sharti upitie mitambo ya kampuni yenyewe.

Tarehe 10 Oktoba 2011 swichi ya mtandao ikaharibika kwenye mitambo ya kampuni huko Slough, Uingereza. Ya akiba ilikuwapo, na kampuni ikaeleza kwa uso mkavu kwamba haikufanya kazi kama ilivyofanya ilipojaribiwa. Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na India zikazimika, baadaye Amerika. Karibu siku tatu. Waliochacha wakatulizwa kwa programu za bure, michezo ikiwemo.

Polisi wa Dubai wakasema ajali za barabarani zilipungua kwa asilimia 20 siku hizo. Abu Dhabi, asilimia 40. Kampuni, kwa unyenyekevu, haikuyatangaza hayo kama huduma mpya.