Tutumieni Kanga

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Misaada ya Fedha,
Chuo Kikuu (mnajijua),
Marekani.

YAH: BARUA PEPE ZENU ZA KABLA YA MATOKEO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza natanguliza shukrani. Si kila ofisi kubwa inapata nafasi ya kumwandikia binti wa fundi baiskeli wa Tanga aliyeomba nafasi na msaada kwenu, tena Ijumaa jioni, kumjulisha kwamba hati za mzazi hazijakamilika. Hati tulileta. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa tuliitafsiri, wakili akaigonga muhuri, tukaipandisha mtandaoni. Mkajibu kwamba hati za mzazi hazijakamilika.

Mngeona kinachotokea hapa barua yenu ikitua, mngeingiwa na haya. Nyumba hugawanyika. Baba yake anasema: nani ajisumbue kuuliza mapato ya mtu asiyemtaka? Ameshapita huyo! Waombaji wenzake wa kundi la WhatsApp wanasema yule wa Moshi hakuulizwa kitu, kwa hiyo wa Moshi ndiye aliyechukuliwa. Januari mlimwita kwa majina yake matatu, Februari kwa jina la kwanza tu. Hilo peke yake lilijadiliwa mpaka majogoo wakawika. Kisha tiki ya kijani kwenye akaunti yake ikageuka njano, na mtoto akashindwa kula.

Ninyi jibu lenu ni lile lile: kuombwa hati hakuhusiani kwa namna yoyote na uamuzi wa udahili, waombaji wasitafute maana pasipo na maana.

Mheshimiwa, ingekuwa hivyo tungelala. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wametangaza kwamba hawaangalii uwezo wa mwombaji kulipa, hata awe ametoka nje ya Marekani. Ninyi hamumo. Ninyi mmeandika wenyewe, kwa herufi ndogo chini kabisa ya ukurasa, kwamba kwa mwombaji wa nje uwezo wa kulipa utazingatiwa. Yaani ufukara wetu unakaa mezani pamoja na alama zake za Kemia, unapimwa, halafu mkituomba ushahidi wa ufukara huo mnatuambia tusiwaze chochote. Mnatuvua nguo, kisha mnatuhakikishia kwamba hakuna anayetazama. Huo ni uongo, na mnajua ni uongo, na mnautuma kwa mashine ili asiwepo mtu wa kuona aibu.

Niwieni radhi. Narudi kwenye adabu.

Ombi langu ni dogo. Acheni barua pepe. Tutumieni kanga.

Huku kwetu mtu akiwa na neno ambalo mdomo unalikataa, hununua doti, akajifunga, akapita mlangoni kwa mhusika taratibu. Hajatokea mhusika wa kurudi kuuliza kama ujumbe umefika. Nanyi mnaweza. Kwa hati zilizopungua, chapisheni kanga ya rangi ya chungwa, mji wake uwe wa korosho, jina lisomeke: TUNAULIZA TU USIJIPE MOYO. Kwa mliyekwisha kumkubali ila mnangoja tarehe, kijani kibichi, pindo la maua, na jina SUBIRI KIDOGO KINAIVA. Kwa yule mliyemkata tangu Januari lakini bado mnamdai hati za baba yake, chagueni rangi yoyote isipokuwa kisutu. Kisutu ni cha harusi. Mtatupigisha vigelegele bure. Jina liwe MTOTO TUMEMPENDA MFUKO TUMEUKATAA.

Pande ziwe mbili, zilizopindwa tayari. Pamba, si ule mchanganyiko unaoteleza kiunoni. Binti akikosa nafasi, upande mmoja nitajifunga na wa pili nitafunikia vitumbua, kwa sababu kanga ya kukataliwa ni kanga bado, wakati barua pepe ya kukataliwa haifuniki hata kikombe. Ila kabla ya kuchapa, majina nileteeni kwanza. Nitakaa na mashangazi wa Ngamiani tuyakague, lisije likapita lenye fumbo la pili. Kwa mafumbo mmetuzidi, na sisi ndio wenye kanga.

Mtasema usafirishaji ni ghali. Ada ya fomu ya kuombea msaada, CSS Profile, ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na dola 16 kwa kila kinachofuata. Vyuo kumi ni dola 169, kabla hata hamjamjua mtoto anaitwa nani. Tulilipia kwa kadi ya binamu yangu wa Muscat. Najua fedha hiyo haiingii kwenu, lakini ni ninyi mliotutuma.

Mengineyo ni madogo. Matokeo mnayatoa saa 1 jioni yenu, ambayo Machi ni saa 8 usiku yetu. Yatoeni asubuhi, tupo. Michungwa ya Muheza ni ya ukoo, msituulize thamani yake sokoni. Nyumba mnayouliza ikiuzwa leo italeta kiasi gani ni ya urithi. Atakayelitamka swali hilo mbele ya shemeji zangu ajiandae kukimbia.

Jambo moja halikuwa dogo. Binti yangu alijua mapato ya baba yake kwa mara ya kwanza kupitia fomu yenu. Aliyaandika bila kuinua macho. Halafu akaniuliza: Mama, tungeonekana maskini zaidi ingenisaidia au ingeniharibia? Sikuwa na jibu. Ninyi mnalo. Mmelikalia tangu Januari, na badala yake mnatuuliza kuhusu muhuri.

Ila msinijibu. Mtaniambia kila ombi hupimwa kwa ujumla wake.

Wenu katika kungoja,
Mama wa Mwombaji,
Tanga.

N.B. Ile fomu ya wasiowasilisha hesabu za kodi tumeijaza upya, safari hii kwa wino mweusi kama mlivyoagiza. Mkiipata, nawaomba sana, msituandikie kwamba mmeipata.