Barua ya Wazi kwa NHS England: Ombi la Kulipanga Foleni Bonge la Damu

Waheshimiwa Wakuu wa NHS England,

YAH: MADHARA YA DAWA ZA HOMONI KUTOFUATA UTARATIBU

Tunawasalimu kwa heshima anayostahili kila mwenye muhuri. Tunajua mna shughuli nyingi, na nanyi mko katika mpito wenu: Machi 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba NHS England, chombo chenu cha kusimamia huduma za afya za umma, itavunjwa na kazi zake kurudishwa wizarani, na mkapangiwa kama miaka 2 ya kukamilisha. Hongereni. Hakuna aliyewapeleka kwanza kwa mabingwa wathibitishe kama kweli mnataka kubadilika. Wanaobadili jinsia hawana bahati hiyo. Katika kliniki ya jinsia ya London, kusubiri miadi ya kwanza tu kumevuka miaka 5, ilhali mgonjwa wa kawaida ameahidiwa kuanza matibabu ndani ya wiki 18. Walipowafikisha Mahakama Kuu kwa ucheleweshaji huo, Januari 2023 ikaamuliwa kwamba hamjavunja sheria. Basi yaishe. Sheria tumeiacha, tunakuja na maombi.

Ombi kubwa linahusu bonge la damu, dhara mojawapo la homoni wanazotumia wanaobadili jinsia. Estrojeni ya kumeza hupita kwanza kwenye ini, nalo ini likishaipokea huzidisha viini vinavyogandisha damu. Bonge hujitunga kwenye mshipa wa mguu, likabanduka, likapanda hadi mapafuni, yote hayo bila miadi. Utovu huu wa nidhamu haukubaliki. Tunaomba bonge nalo lianzie kwa daktari wa mtaa, aliambie kwamba yeye hana ujuzi wa mabonge, kisha aahidi kuandika rufaa. Rufaa ipotee. Ikiandikwa upya, lipewe namba, na kila baada ya muda litumiwe ujumbe wa kuuliza kama bado linapenda kuwa bonge; lisipojibu, jina likatwe. Zamu yake ikiwadia lihojiwe utoto wake: lilianza lini kujihisi bonge, wazazi walilipokeaje, na je, limewahi kuishi hadharani kama bonge, kazini na sokoni, kwa muda wa kuridhisha? Bingwa wa pili arudie maswali yaleyale, maana wa kwanza huenda alidanganywa. Likifaulu, liruhusiwe kuziba mshipa kidogo kidogo, siku za kazi, kabla ya saa kumi jioni. Madhara mengine ya dawa hizi nayo yafuate utaratibu: potasiamu isipande siku za sikukuu. Chunusi zisubiri mwisho wa mwezi. Joto la ghafla usiku lijaze fomu.

Tunahofia bonge halitakubali, kwa kuwa mwili hausomi nyaraka zenu. Mwenye uwezo wa kubadilika katika jambo hili ni ofisi, na kinachotakiwa kwake si muujiza. Takriban kila dhara kubwa la dawa hizi linajulikana, na breki yake inajulikana. Homoni ya kubandika ngozini hailipitii ini kwanza, na hatari ya bonge hupungua sana kuliko kwa vidonge. Testosteroni huongeza chembe nyekundu hadi damu ikawa nzito. Hilo huonekana kwenye kipimo cha hematokriti, na ikivuka asilimia 54 dozi hupunguzwa. Spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, hupandisha potasiamu, ambayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Hilo nalo ni la kupimwa kwenye damu. Mwaka 2020 wadhibiti wa dawa wa Ulaya na Uingereza walionya kwamba cyproterone, nayo dawa ya kuzuia homoni za kiume, hasa ikitumiwa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu, huongeza uwezekano wa meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo. Dozi ikishushwa mapema hatari nayo hushuka. Mwongozo wa 2017 wa Endocrine Society, chama cha mabingwa wa homoni, unataka vipimo kila baada ya miezi 3 hivi katika mwaka wa kwanza. Kinachohitajika, basi, ni sindano, kichupa, na mtu wa kusoma majibu.

Mtasema daktari wa mtaa si bingwa. Lakini daktari huyohuyo humwandikia estrojeni ileile mwanamke aliyekoma hedhi, na testosteroni ileile mwanaume ambaye mwili wake hauitengenezi ya kutosha, wala mkono haumtetemeki. Ujuzi humtoka ghafla akiona nani ameketi kitini. Mtasema pia kwamba ushahidi wa muda mrefu kuhusu dawa hizi bado ni mwembamba. Kuna ukweli humo, hatuupuuzi. Ila ushahidi ukiwa mwembamba daktari hupaswa kupima zaidi, na ninyi mmeufanya sababu ya kutopima kabisa. Kuhusu uhaba wa fedha na foleni inayomgusa kila mtu, tunakubali pia. Hata hivyo anayesubiri upasuaji wa goti halazimiki kuthibitisha kwamba goti ni lake.

Wakati mkijadiliana, watu hawakai bure. Wapo wanaoagiza vidonge mtandaoni na kuvimeza bila kipimo hata kimoja, wakikisia dozi kwa uzoefu wa wenzao. Baraza la Madaktari, GMC, linalijua hilo, na limewaambia madaktari wanaweza kumwandikia mtu wa namna hiyo dawa ya mpito ili kupunguza hatari. Moja ya masharti yake ni kupata kwanza ushauri wa bingwa wa jinsia. Bingwa yuko wapi? Yuko mwisho wa foleni ya miaka 5! Halafu mtu akianguka na bonge mapafuni, husemwa: si tuliwaambia dawa hizi ni hatari? Hapana, waheshimiwa. Hatari mmeilea wenyewe, mkailisha, mkaipa muda wa kukua, na sasa mnaileta mbele yetu kama shahidi wa upande wenu. Huo ni uonevu, na tumechoka kuuita changamoto.

Mtatuwia radhi kwa sauti kupanda. Tukirudi kwenye adabu, hatuombi foleni iishe kesho. Tunaomba kila anayetumia homoni hizi, awe amezipata kwenu, kwa daktari wa kulipia au kwa muuzaji asiyejulikana, apimwe damu kwa daktari wake wa mtaa, asomewe majibu, na aelezwe tofauti ya kidonge na cha kubandika. Vifaa mnavyo. Maabara mnazo. Toeni agizo.

Wenu katika kusubiri.